Jinsi ya kuitafuta na kuichapa upya picha ya dini iliyofifia, kwa sisi wa Dodoma na jirani

Mbukwenyi wandugu. Hii naiandika kwa vijana wenye steshenari na vijiofisi vya kudizaini pale Majengo, Sabasaba, Makole, na wale wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Kondoa ambao wanaletewa kazi ya namna moja kila siku: mama wa jumuiya anakuja na kipicha cha mtakatifu msimamizi wao, kimeshageuka bluu kwa jua, kona moja imeliwa na mchwa, alafu anakwambia mwanangu nitolee kubwa ya kuweka mbele siku ya sherehe yetu.

Wengi tunachofanya tunakipiga picha na simu, tunakivuta kiwe kikubwa, tunaongeza rangi kidogo, tunaprinti kwenye fleksi. Inatoka sura yenye ukungu, mtakatifu hana macho, na mama wa watu kwa vile ana adabu anakwambia asante baba imependeza. Haijapendeza. Hicho kipicha ukikiona usikimbilie kukitengeneza, kichukulie kama ushahidi tu, maana karibu picha zote za dini zilizoning'inia sebuleni kwetu ni nakala ya nakala ya kitu ambacho kipo mahali fulani, kanisani Roma au makumbusho ya Ujerumani huko, na mara nyingi kimeshapigwa picha safi iko bure mtandaoni. Upelelezi kwanza, kompyuta baadae.

Anza na karatasi na mwenye karatasi

Itoe kwenye fremu taratibu. Kama imegandia kwenye kioo usiivute, itachunika wino wote ubaki kwenye kioo, hiyo piga hivohivo juu ya kioo. Ikitoka, angalia ukingo wa chini na nyuma, weka kamera ya simu karibu uone vile viherufi vidogo: jina la mji, namba ya kiwanda, wakati mwingine jina la mchoraji kabisa, na mara nyingi fundi wa fremu alishavikata au kuvifunika na mbao. Ukikuta maneno ya Kitaliano usishangae, jimbo letu lilipokea Wapasionisti, shirika la watawa, kutoka Italia toka miaka ya 1930, hata kanisa kuu ni la Mtakatifu Paulo wa Msalaba ambaye ndo mwanzilishi wao, kwahiyo vipicha vya kwenye vitabu vya sala vya bibi zetu vingi ni vya huko. Majumbani wamejaa watakatifu kina Gemma Galgani na Gabrieli wa Mama wa Mateso ambao mikoa mingine huwaoni sana.

Alafu muulize mwenye picha. Sio "huyu ni nani" tu, maana atakwambia jina la jumuiya yake na linaweza lisiwe huyo aliyeko kwenye picha. Muulize sherehe inaangukia tarehe ngapi, na nyuma ya kipicha kulikuwa na sala gani kabla haijafutika. 22 Mei ni Rita wa Kashia, 13 Juni ni Antoni wa Padua, tarehe tu inakupeleka nusu ya safari. Na angalia alichoshika au alichonacho: mtoto Yesu na ua la yungiyungi ni Antoni, kidonda kimoja kwenye paji la uso ni Rita, ufagio ni Martin de Porres, kanzu nyeusi yenye alama ya moyo mweupe na msalaba juu yake kifuani ni Mpasionisti. Katekista mzee wa kigango anajua haya mambo kuliko Google, mpigie.

Ichukue vizuri hata kama huna mpango wa kuichapa hiyo

Unahitaji faili nzuri ya kutafutia na ya kulinganishia. Kama una skana, weka 600 dpi (nukta kwa kila inchi), zima yale marekebisho yake ya rangi yanayojiwasha yenyewe, hifadhi TIFF au PNG. Kipicha cha sala cha sentimita 7 kwa 11 kwa 600 dpi kinakupa kama pikseli 1650 kwa 2600, sio mbaya. Picha kubwa kuliko kioo cha skana iskani vipande vipande vinavyopandana kidogo alafu uunganishe.

Kama unatumia simu, toka nje ukae kivulini, sio juani, jua letu la saa saba linaua kila kitu. Laza picha chini, simama wima juu yake, rudi nyuma kidogo uvute na zumu badala ya kusogea karibu, ukisogea sana fremu inapinda kama pipa. Weka karatasi nyeupe pembeni, itakusaidia kujua nyeupe ilitakiwa iweje. Kama iko ndani ya kioo vaa shati jeusi au shikilia kitambaa cheusi nyuma ya simu, kioo kitaacha kukuonyesha wewe mwenyewe na mbingu.

Na jamani, mkitumiana WhatsApp tumeni kama dokumenti. Kila siku naletewa picha imepita kwenye magrupu matano ya kwaya, imebaki pikseli za kuhesabu na vidole.

Kutafuta

Hapa ndo penye utamu, usipaharakishe.

Tupia picha nzima kwenye Google Lens kwanza. Ikikuletea maduka ya kuuza rozari tu usikate tamaa, kata kipande: sura peke yake, mkono peke yake, yule malaika wa kona ya juu. Alafu jaribu TinEye, alafu Yandex, kila moja ina macho yake. Ikishindikana geuza picha kushoto-kulia utafute tena, maana viwanda vya zamani vilikuwa vinageuza picha bila aibu. Kuna njia rahisi ya kugundua: Yesu na watakatifu wanabariki kwa mkono wa kuume, ukiona anabariki na wa kushoto jua hiyo imegeuzwa. Jaribu pia kuifanya nyeusi na nyeupe, ile rangi ya bluu iliyoharibika inachanganya mashine.

Usitafute kwa Kiswahili peke yake. Andika "Sacro Cuore di Gesù", andika "santino" ambalo ndo jina la vipicha vya sala kule Italia, ongeza jina la mtakatifu kwa Kitaliano. Utafungua mlango mwingine kabisa.

Sasa hizi ndo zinazoletwa sana huku kwetu, nakupa ufupishe kazi:

Mama wa Msaada wa Daima. Ile ikoni yenyewe iko Roma, kanisa la Mtakatifu Alfonso barabara ya Via Merulana, kwa Waredemptoristi, walikabidhiwa na Papa Pius wa Tisa miaka ya 1860. Nyuma ni dhahabu, kuna malaika wawili juu wamebeba vyombo vya mateso, Mikaeli mkuki na sifongo, Gabrieli msalaba na misumari, na mtoto kandambili moja inaning'inia mguuni. Hiyo kandambili itafute kwenye nakala yako, wengi wameifuta wakidhani ni uchafu. Na zile herufi pembeni ni za Kigiriki, usizibadilishe kuwa za kwetu.

Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kuna za aina mia, ila kama ameushika moyo mkononi, basi mzizi wake ni Pompeo Batoni, 1767, iko kanisa la Gesù Roma, kachora kwa mafuta juu ya bati la shaba. Kama moyo uko kifuani na mikono imefunguliwa, hizo ni za viwanda vya baadae, nyingi hazina jina la mchoraji na usipoteze wiki kumtafuta.

Huruma ya Mungu. Hapa watu wanagombana. Ziko mbili kubwa: ya Eugeniusz Kazimirowski ya 1934, iko Vilnius, aliichora wakati Sista Faustina, mtawa aliyepata ono hilo, akiwa hai na anamwelekeza; na ya Adolf Hyła ya Łagiewniki Kraków, ya miaka ya 1940, Faustina keshafariki toka 1938. Iliyozagaa makanisani kwetu ni ya Hyła na vizazi vyake. Muulize mteja anataka ipi, usimchagulie, kuna mama alikataa picha nzuri kabisa ya Vilnius akasema huyu sio Yesu wetu. Ana haki yake.

Mikaeli anamkanyaga shetani: kama ni kijana mweupe mwenye upanga na deraya ya bluu, kashika mnyororo, ni Guido Reni, ya miaka ya 1630, kanisa la Wakapuchini Roma. Yesu akisali Gethsemane ameegemea mwamba, mwanga unatoka juu: Heinrich Hofmann, Mjerumani, mchoro uko Riverside Church New York. Yesu anabisha hodi: kama ni usiku, ana taa mkononi na taji, ni William Holman Hunt, Mwingereza, ya kwanza iko Keble College Oxford, kama hana taa na mwanga unatoka kwake mwenyewe, inawezekana sana ni ya Warner Sallman wa Chicago, yuleyule aliyechora 1940 kile kichwa cha Yesu cha rangi ya kahawia ambacho kila nyumba ya Kilutheri na Kianglikana ya zamani kilikuwepo.

Karamu ya Mwisho ya Leonardo naisema peke yake. Ipo ukutani Milano, aliichora 1495 hadi 1498, na ilianza kubanduka mapema sana kwasababu hakutumia njia ya kawaida ya kuchora kwenye lipu mbichi. Kwahiyo ukiipata picha kali ya ile halisi bado utaiona imechakaa, mteja atasema umempa mbovu. Tumia nakala ya zamani ya wanafunzi wake, ile inayosemwa ya Giampietrino ya Royal Academy London, pale miguu ya Yesu inaonekana, wakati Milano ilikatwa 1652 walipopanua mlango. Ile halisi ni sentimita 460 kwa 880, yani karibu mara mbili upana kwa urefu, kwahiyo ukiona mtu kaiweka kwenye A3 imejaa karatasi yote ujue kuna mitume wamekatwa au wamevutwa wakawa warefu.

Na Gemma Galgani: yule sio wa kutafuta mchoraji. Alifariki 1903, kamera zilikuwepo, vipicha vyake vingi vimetokana na fotografu yake halisi ambayo imepakwa rangi tu. Tafuta hiyo fotografu, inayo sura yake ya kweli, sio ile iliyorembwa.

Umeipata, sasa chagua faili

Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, au tovuti ya makumbusho yenyewe, shusha saizi kubwa kabisa, usishushe kile kidogo cha mbele. Utakuta mchoro mmoja una mafaili sita yenye rangi tofauti, moja njano, moja nyekundu, moja kama imepakwa asali. Ya makumbusho ndo uanze nayo, hizo zinazong'aa sana mtu kazichezea. Iweke sambamba na karatasi ya mteja uangalie: mikono ile ile? mikunjo ya nguo ile ile? Kama mikunjo haifanani hiyo ni nakala ya mtu mwingine, sio huyo.

Kuna wakati nakala mbovu ndo inayotakiwa. Kiwanda kiliongeza maua, kikaongeza taji, na bibi amesali mbele ya hayo maua maisha yake yote. Hapo tumia sura na mikono kutoka kwenye ile halisi, maua yake mrudishie.

Haki: sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo. Batoni, Reni, Hofmann, Hunt hao wameshapita siku nyingi. Wachoraji wa karne ya 20 kuwa makini, hasa ukitaka kuchapa nyingi za kuuza au kutuma nje, nchi nyingi zinahesabu miaka 70, na Hyła alifariki 1965. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na picha ya mchoraji aliye hai, mpigie mwenyewe, huwa wanafurahi.

Ukikosa kabisa

Basi ndo unatengeneza hiyohiyo. Programu ya GIMP inatosha, ni ya bure. Fanya kazi kwenye nakala ya leya (tabaka la picha), ya asili ibaki chini haijaguswa.

Kwanza vidoti. Picha iliyochapwa kiwandani ni vidoti vya rangi nne, ukiiskani inatoa mawimbi ya ajabu. Skana nyingi zina sehemu ya kuondoa hayo, iwashe. Kama haina, tia ukungu kidogo sana alafu punguza saizi iwe nusu, vidoti vinayeyuka. Ndo maana tuliskani 600.

Pili rangi. Jua linakula njano na nyekundu kwanza, bluu na nyeusi zinabaki, kwahiyo usiongeze mwanga wa picha nzima, ingia kwenye mistari (Curves) ya rangi moja moja urudishe hizo mbili mpaka ile karatasi nyeupe ya pembeni iwe nyeupe kweli. Kama kuna kipande kilifunikwa na fremu kikakaa gizani, hapo ndo una rangi ya asili, kitumie kama kipimo.

Mikunjo na matundu ziba na kifaa cha kuponya, kwenye nguo na mawingu ziba utakavyo. Kwenye uso punguza mkono. Mary Leakey alivyonakili michoro ya miambani hapa Kolo, Kondoa, mwaka 1951, alifuatisha mistari iliyopo ukutani, na mimi hiyo tabia naipenda: kilichopo kichore, kilichokufa kiache kiwe laini, usimpe mtakatifu pua ya kubuni.

Hapo ndo nakuja kwenye hizi programu za akili bandia za kukuza picha, Upscayl na wenzake. Zinasaidia, sikatai, nguo na mbingu zinatoka safi. Ila sura inazibuni. Inakuletea dada mzuri wa matangazo ya mafuta ya kupaka, vidole sita, na zile herufi za Kigiriki zinageuka michirizi. Nachofanya nakuza mara mbili, alafu sura, mikono na maandishi narudisha ya asili juu yake kwa kuifunika leya, hata kama ni laini kidogo. Maandishi yote andika upya kwa fonti, usiyakuze.

Hii ya maandishi ni kali zaidi kwa ndugu zetu Waislamu wanaoleta Ayatul Kursi ya ukutani iliyofifia. Usithubutu kuikuza kwa akili bandia, nukta moja ikihama umeharibu neno la Qurani. Chukua maandishi yaliyohakikiwa, tovuti ya Tanzil wanayo, yapange upya kwenye programu ya Inkscape, alafu kabla ya kuchapa mpelekee ustadhi asome herufi kwa herufi. Mapambo ya pembeni ndo uyatoe kwenye ile ya zamani.

Na kama karatasi imekufa kabisa lakini unajua mpangilio, tafuta mchoraji wa mkono, mgawie picha kwa viboksi, viboksi vilevile kwenye kanvasi, atachora. Inachukua muda na hela ni nyingine, ila kwa altare ya kigango naona inafaa kuliko fleksi.

Kuchapa

Kwa picha ya sebuleni lenga 300 dpi: A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Ya ukutani kanisani inayotazamwa kutoka kwenye mabenchi 100 dpi inatosha, kwahiyo ya mita moja kwa moja na nusu unahitaji kama 4000 kwa 5900. Chini ya hapo mwambie mteja ukweli, mpe saizi ndogo.

Chapa kwanza kipande chenye sura na kipande cheusi, kipeleke nje ukiangalie mchana, skrini inadanganya. Uliza wino wa pigmenti, ule mwingine (dye) kwa jua la Dodoma utarudi bluu haraka. Dhahabu haichapiki kwa printa ya kawaida, itatoka kahawia au haradali, hivyo kwenye ikoni acha mwanga wa kichwani uwe njano tulivu, baadae upake rangi ya dhahabu kwa brashi nyembamba, watu wanalipia hiyo bila kubisha.

Fremu: acha nafasi kati ya karatasi na kioo, weka kijiti kando kando. Mgongo wa hadibodi au boksi ni chakula cha mchwa, weka plastiki ngumu au upake dawa, na usiitundike ikatazama dirisha la magharibi.

Ile karatasi ya zamani usiitupe kwenye ndoo ya taka za ofisi, inawezekana imebarikiwa, mrudishie mwenyewe, Wakatoliki huzichoma au kuzifukia. Ile ya Qurani pia mrudishie, wenyewe wanajua la kufanya.

Mwisho, nyuma ya fremu bandika kikaratasi: mchoraji, mwaka, ya asili iko wapi, faili umeitoa wapi, na sehemu ulizozibuni wewe. Faili lenyewe liweke kwenye flashi na Drive kwa jina linaloeleweka, sio "picha mpya final 2", maana jumuiya ya jirani wakiiona kwenye sherehe watakuja wanataka hiyohiyo, ila kubwa zaidi na kwa bei ya chini.